UZI: Kufuatilia kichwa na hedseti za VR kwenye gemu za ndege. Kipi kinaendana na kipi, na kwa nini vinagombana

Kipanga05

Wakuu, habari za humu.

Maswali ya kufuatilia kichwa (kamera inasoma kichwa chako na kugeuza mtazamo ndani ya gemu) na ya VR (hedseti inayofunika macho) yametapakaa kwenye nyuzi nyingi na majibu yake ni nusunusu. Naomba tuyakusanye hapa. Naanza na msingi, wenye ujuzi wa sehemu nyingine mshushe mliyo nayo.

Gemu haijui umenunua kifaa gani, inajua mlango tu. Gemu nyingi za ndege zina milango miwili. Wa kwanza ni wa TrackIR, kifaa cha dukani cha kufuatilia kichwa: kuna faili dogo, NPClient64.dll, ambalo gemu hulitafuta kupitia rejista ya Windows, kisha hupokea humo namba sita. Tatu ni za mzunguko wa kichwa (Yaw ni kugeuka kushoto na kulia, Pitch ni kuinua na kuinamisha, Roll ni kukilaza begani) na tatu ni za kusogea (X pembeni, Y juu na chini, Z mbele na nyuma). Mlango wa pili ni OpenXR, kiwango kilichotoka mwaka 2019 chini ya Khronos. Huo ndio wa hedseti: unapeleka picha mbili, moja kwa kila jicho, na unarudisha mahali kichwa kilipo.

Microsoft Flight Simulator 2020 na 2024, DCS World na X-Plane 12 zote zina milango yote miwili. IL-2 Great Battles inakubali TrackIR, ila VR yake ilijengwa juu ya OpenVR, mfumo wa SteamVR (programu ya VR ya Steam) uliotangulia OpenXR. Hiyo ndiyo sababu watu hutumia OpenComposite, inayotafsiri OpenVR kwenda OpenXR ili SteamVR isibaki katikati ikila fremu (picha ambazo gemu huchora kwa sekunde). Na kwa wale wa Xbox: MSFS (Microsoft Flight Simulator) huko haina VR, msitafute kebo.

Karibu kila tatizo linaloletwa humu ni programu mbili zinazogombea mlango mmoja, au mlango uliobaki umeelekezwa kwa programu ambayo imeshafutwa. Kabla hujanunua kitu kipya, kagua hilo.

Kwa kufuatilia kichwa bila gharama, shusha opentrack. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Kwenye "Input" chagua "neuralnet tracker" kama una webcam ya kawaida, hata ile ya laptop. Kwenye "Output" chagua "freetrack 2.0 Enhanced". Huyo freetrack ndiye anayejifanya TrackIR mbele ya gemu. Bonyeza "Start", kisha fungua gemu. Gemu ikiunganika, jina lake litajitokeza kwenye dirisha la opentrack. Lisipotokea, usiguse mpangilio mwingine wowote, tatizo liko mlangoni.

BintiUnguja

Asante mkuu. Mimi jina la gemu halitokei kabisa. Kwenye opentrack pweza mwekundu anageuka vizuri nikigeuza kichwa, ila ndani ya DCS kamera imeganda.

Kipanga05

BintiUnguja, pweza akigeuka maana yake kamera na hesabu ziko sawa. Kilichobaki ni mambo matatu, yafuate kwa mpangilio huu.

Kwanza, je, kompyuta hiyo iliwahi kuwekewa programu ya TrackIR au freetrack nyingine? Fungua regedit (kihariri cha rejista ya Windows), nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\NaturalPoint\NATURALPOINT\NPClient Location, usome thamani ya "Path". Ikionyesha folda ambayo haipo tena, gemu inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Funga gemu, anzisha opentrack, bonyeza "Start" uone kama njia imejirekebisha kuelekea folda ya opentrack. Isipojirekebisha, ondoa mabaki ya programu ya zamani, halafu sakinisha opentrack upya.

Pili, haki za msimamizi. Ukifungua gemu kama msimamizi na opentrack kama mtumiaji wa kawaida, vitufe vya mkato vya opentrack havisikiki ukiwa ndani ya gemu. Fungua zote mbili kwa haki sawa.

Tatu, kwa DCS pekee: nenda Options, kisha Controls, chagua ndege yako, kisha "Axis Commands". Inabidi uone safu ya TrackIR yenye Yaw, Pitch na wenzake. Safu ikiwepo lakini visanduku ni vitupu, vijaze. Safu isipokuwepo kabisa, rudi hatua ya kwanza.

FundiWaya

Niongeze kwenye kamera. Webcam ya fremu 30 kwa sekunde inatosha kuanzia, ila uso uwe na mwanga kutoka mbele. Dirisha likiwa nyuma yako, kamera hupunguza mwanga, uso unakuwa kivuli, na picha ndani ya gemu inatetemeka kama umeshika darubini mkononi. Kwenye mpangilio wa neuralnet jaza upana wa lenzi ya kamera yako kwa digrii, kona hadi kona. Ukiuacha kwa kubahatisha, umbali wa Z utakosewa.

Anayetaka usahihi wa juu atengeneze klipu ya taa tatu za infraredi. Vifaa: LED 3 za infraredi, rezista 3 za ohmu 68 za robo wati, kebo ya USB ya zamani, kipande cha waya mgumu au plastiki cha kufanya fremu, na hedfoni ya kubania.

Hesabu yake: USB inatoa volti 5. LED moja ya infraredi inakula takribani volti 1.4. Zinabaki 3.6. Gawa kwa ohmu 68, unapata kama miliampea 53 kwa kila taa, jumla haifiki 160. Mlango wa USB 2.0 unatoa hadi 500, kwa hiyo hauumii. Kila taa iwe na rezista yake. Ukizipanga tatu mfululizo kwenye waya mmoja zinakula volti 4.2, inabaki 0.8 tu ya kudhibiti mkondo, na USB ikishuka kidogo taa zote zinafifia pamoja.

Za nanomita 850 zinaonekana vizuri zaidi kwenye kamera kuliko za 940. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: LED nyingi zina kichwa cha mviringo kinachokusanya mwanga mbele kama tochi. Ukigeuza kichwa digrii 30 tu, kamera inapoteza nukta moja na picha inaruka. Chukua msasa laini, saga ncha ya LED hadi iwe bapa, usifikie kile kikombe cha chuma kilichomo ndani. Plastiki itakuwa na ukungu mweupe, na mwanga utatawanyika pembeni. Hapo ndipo klipu inapotulia.

Kamera nayo: webcam nyingi zina kichujio kinachozuia infraredi. Jaribu kwa rimoti ya TV, ielekeze kwenye kamera ubonyeze. Ukiona nukta kali, kamera inafaa. Ukiona kafifu au hakuna kitu, kichujio kinabidi kitoke. Kwenye PS3 Eye (kamera ya PlayStation 3) ni kidude kidogo cha kioo nyuma ya lenzi. Kitoe taratibu, halafu mbele ya lenzi weka vipande viwili vya negativu ya filamu iliyosafishwa, ile sehemu nyeusi ya mwanzo wa mkanda. Inazuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi. Ukimaliza, picha iwe giza tupu lenye nukta tatu nyeupe.

Kwenye opentrack sasa chagua "PointTracker", fungua "Model", chagua "Clip", ujaze vipimo vya klipu kwa milimita kama ulivyovipima kwa rula. Usikisie. Ukikosea milimita 10, kugeuza kichwa kushoto kutasogeza pia kamera juu au chini.

Jua ni mwanga mwingi wa infraredi pia. Saa sita mchana pazia likiwa wazi, kamera itaona nukta nne au tano na haitajua zipi ni zako. Hili linaihusu TrackIR ya dukani vilevile, hasa ukitumia ile klipu ya kuakisi badala ya ile yenye taa zake.

Tai_wa_Meru

FundiWaya umeshusha madini. Kipanga, mikunjo ya opentrack (kichwa kikigeuka kiasi hiki, kamera ya gemu igeuke kiasi gani) inapangwaje? Nikigeuza kichwa kidogo kamera inakimbia, nikitaka kuona nyuma skrini inanitoka machoni.

Kipanga05

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema, na ndipo pazuri kuliko pote.

Chukulia uko kwenye mzunguko wa kutua Zanzibar, njia ya kurukia namba 18, kwa Cessna 172. Unaruka sambamba na njia ukielekea kinyume. Unatakiwa kugeuka besi (kona ya kwanza ya kurudi kwenye njia) njia ikiwa nyuma ya bega lako kwa takribani digrii 45, yaani digrii 135 kutoka puani. Lakini macho yako lazima yabaki kwenye skrini, kwa hiyo kichwa halisi hakiwezi kuzidi digrii 35 hadi 40. Mkunjo ndio unaoziba pengo hilo.

Fungua "Mapping", kwenye Yaw weka nukta hizi: kichwa digrii 5, kamera 4. Kichwa 15, kamera 35. Kichwa 25, kamera 80. Kichwa 40, kamera 140. Digrii 5 za mwanzo ziwe tulivu kuliko uhalisia, maana hapo ndipo unaposoma geji na kulenga njia wakati wa kutua. Mwinuko uje baadaye.

Pitch iwekee alama kwenye "Asymmetric mapping below", ili kuinama na kuinuka viwe na mikunjo tofauti. Kuinama kuwe taratibu kwa sababu unatafuta swichi, kuinuka kunaweza kuwa kwa kasi. Roll wengi wanaizima, na nakubaliana nao: haikupi kitu kwenye ndege za abiria, na hutikisa upeo wa macho bila sababu.

Kichujio chagua Accela. Angalia mbele ukitulia, ongeza "Smoothing" ya mzunguko hatua kwa hatua hadi geji ziache kutetemeka, simama hapo. Ukizidisha, kamera itachelewa nyuma ya kichwa, na ucheleweshaji unachosha macho kuliko mtetemo.

Kitufe cha "Center" kiweke kwenye joistiki. Programu ya TrackIR hutumia F12 kurudisha katikati na F9 kusimamisha. Ndani ya DCS F12 ni amri nyingine ya mtazamo na F9 ni mtazamo wa meli, na Steam nayo inapiga picha ya skrini kwa F12. Kitufe kimoja, amri tatu.

BintiUnguja

Jina limetokea! Njia ya NPClient ilikuwa inaelekea folda iliyofutwa. Sasa swali la VR: nina laptop yenye kadi ya picha ya GTX 1650 na nimeona hedseti ya Meta, Quest 2, kwa bei nzuri. Ninunue?

Tai_wa_Meru

Kwa gemu za ndege, hapana. GTX 1650 haimo kwenye kadi zinazotambuliwa rasmi na Quest Link (mfumo wa Meta wa kuunganisha Quest na kompyuta), na hata ikiwaka haitabeba mzigo.

Tazama pikseli. Skrini ya 1920 kwa 1080 ni pikseli milioni 2.07. Quest 2 ni 1832 kwa 1920 kwa jicho moja, macho mawili ni milioni 7. Quest 3 ni 2064 kwa 2208, macho mawili ni milioni 9.1, zaidi ya skrini ya 4K. Na gemu huchora zaidi ya hapo, kwa sababu lenzi hupinda picha na kingo lazima zichorwe kwa ziada. Halafu kuna muda: kwa herzi 72 kila fremu ina milisekunde 13.9, kwa herzi 90 ni 11.1. MSFS juu ya jiji kubwa hushindwa muda huo hata kwenye kompyuta nzito, na mara nyingi anayeshindwa ni prosesa.

Kaa na kufuatilia kichwa kwa sasa. Utaruka vizuri na fremu zitatosha.

Mwenye kadi ya kutosha na laptop azingatie pia milango. Quest inatumia USB au Wi-Fi, kwa hiyo laptop nyingi zinaikubali. HP Reverb G2 na Valve Index zinataka DisplayPort iliyounganishwa moja kwa moja na kadi kubwa ya picha. Kwenye laptop nyingi USB-C inapita kwenye kadi ndogo ya prosesa, na adapta ya kawaida ya HDMI kwenda DisplayPort haisaidii. PSVR2 (hedseti ya PlayStation) kwenye kompyuta nayo inataka adapta yake rasmi na DisplayPort 1.4, na inapita SteamVR.

FundiWaya

Tahadhari kwa wanunuzi wa mitumba: Reverb G2 zinauzwa bei ya kutupa na kuna sababu. Hedseti za Windows Mixed Reality, na G2 ni mojawapo, ziliondolewa kwenye Windows 11 toleo 24H2, lililotoka 2024. Mashine ikishajisasisha, programu ya hedseti haipo tena. Bonyeza Win na R, andika winver, usome toleo kabla hujatoa hela. Kioo chake bado ni kizuri, 2160 kwa 2160 kwa jicho, ila nunua ukijua utakaa kwenye toleo la zamani la Windows au utategemea draiva ya watu wa nje.

Mwewe172

Wakuu, mimi nina Quest 3 na kadi nzuri. MSFS ikiingia VR kwa Ctrl na Tab inasema haioni hedseti. DCS inafunguka lakini ndani ya SteamVR na inakwamakwama.

Tai_wa_Meru

Mwewe172, huo ni mlango wa OpenXR. Windows inakumbuka kiendeshi kimoja tu cha OpenXR kwa wakati mmoja, kilichoandikwa HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Khronos\OpenXR\1 kwenye "ActiveRuntime". Kisome. Kikitaja SteamVR huku wewe unatumia kebo ya Link, kila gemu inalazimika kupita SteamVR kwanza, na unalipia safari mbili.

Ukitumia Link: fungua programu ya Meta kwenye kompyuta, Settings, General, ufanye Meta Quest Link kuwa kiendeshi cha OpenXR. Ukitumia Virtual Desktop (programu ya kurusha picha kwa Wi-Fi): kwenye Streamer, programu yake ya kompyuta, chagua VDXR, kiendeshi chake cha OpenXR, uzindue gemu ukiwa ndani ya Virtual Desktop. Kwa DCS ongeza kwenye njia ya mkato: --force_enable_VR --force_OpenXR. MSFS haihitaji nyongeza. Hedseti iwe imeshaunganika kabla ya kubonyeza Ctrl na Tab.

Na funga opentrack kabla ya kuingia VR. Ikiendelea kuwaka, gemu inaweza kupokea vichwa viwili, cha kamera na cha hedseti, na chumba cha rubani kinateleza peke yake. Hicho ni kichefuchefu cha dakika mbili.

Kwa azimio, rekebisha mahali pamoja tu. "Pixel density" ya DCS huzidisha upana na urefu, kwa hiyo 1.2 ni pikseli mara 1.44. Asilimia ya SteamVR huzidisha pikseli zenyewe, 150 ni mara 1.5. Ukiweka zote mbili, unachora pikseli mara 2.16 halafu unalaumu kadi. Acha DCS kwenye 1.0.

Fremu zisipofika 72, usiziache zipande na kushuka. Lazimisha nusu. Kwenye Link tumia OculusDebugTool iliyo ndani ya C:\Program Files\Oculus\Support\oculus-diagnostics, au Ctrl na 3 ya vitufe vya namba: gemu itachora nusu ya fremu na Spacewarp itaziba nyingine. Utaona mawimbi kuzunguka propela na kwenye kingo za mbawa, hiyo ni kawaida ya fremu za kubuniwa. Ctrl na 1 inaizima. Mpangilio wa OculusDebugTool mwingi hupotea ukiwasha mashine upya, uandike pembeni.

Mwewe172

Imekubali, ilikuwa SteamVR. Nikitumia Wi-Fi itakula bando?

FundiWaya

Hapana mkuu. Picha inasafiri kati ya ruta na hedseti ndani ya chumba, haitoki nje. Bando linahusika na ramani za MSFS tu, ambazo ungezishusha hata bila VR. Unachohitaji ni ruta ya 5 GHz chumba hichohicho, na kompyuta iunganishwe kwenye ruta kwa waya. Kompyuta na hedseti zote zikiwa hewani, zinagawana njia moja na picha inakatika.

Kwa kebo, zima uwezo wa Windows kuzima USB: Device Manager, kila "USB Root Hub", "Power Management", toa alama. Usipitishe kwenye habu isiyo na umeme wake.

BintiUnguja

La mwisho kwa faida ya wengine: rafiki yangu anasema chumba cha rubani cha DCS kinaonekana kidogo kama cha mwanasesere na macho yanamuuma.

Tai_wa_Meru

Ni umbali kati ya mboni za macho, yaani IPD. Apime kwa rula mbele ya kioo, kwa milimita. Quest 2 na 3S zina nafasi tatu tu, 58, 63 na 68, achague ya karibu. Quest 3 ina gurudumu, alizungushe hadi maandishi yawe makali katikati. Hilo ndilo la kuondoa maumivu.

Ukubwa wa chumba ni jambo jingine. Kwenye DCS, ukurasa wa VR, kuna "Force IPD distance". Namba ikiwa kubwa dunia inaonekana ndogo, ikipungua dunia inakua. Atoe alama kwanza aone. Kama bado ni kidogo, aiwashe ashushe milimita 2 kwa wakati mmoja hadi joistiki ya kwenye gemu ilingane na ile aliyoishika mkononi.

Kikionekana kama amekaa sakafuni, hapo IPD haihusiki. Akae kama anavyorusha, aangalie mbele, abonyeze 5 ya vitufe vya namba kwenye DCS, au Space kwenye MSFS. Afanye hivyo baada ya kuvaa hedseti na kukaa, maana gemu huchukua mahali kichwa kilipokuwa wakati VR inawaka, hata kama hedseti ilikuwa mezani.